Ukurasa Mmoja, Wenyewe Wengi

Wanafunzi wanne wakipanga nyumba moja kule Arlington, kati ya Dallas na Fort Worth, friji huwa moja. Kila mmoja anaweza kuwaambia wazazi wake kwamba ameokoa gharama ya friji, na hatakuwa amedanganya. Lakini ukijumlisha taarifa zao utapata friji nne zilizookolewa, ilhali zilizookolewa ni tatu; moja ilinunuliwa. Hesabu ya namna hii imo ndani ya kiini cha Linux, na sisi wanachama tunaosoma kompyuta hapa, pamoja na wenzetu wa Houston, tunaona inawahusu pia wanaosoma isimu. Mkanganyiko wake huanzia kwenye maneno kabla ya kufika kwenye tarakimu.

Kumbukumbu ya kompyuta ina ukoo wake huku Texas. Robert Dennard, aliyebuni aina ya kumbukumbu inayotumika karibu katika kila kompyuta leo, alizaliwa Terrell, mashariki ya Dallas, akasoma uhandisi wa umeme Southern Methodist University, kisha akaajiriwa IBM. Hataza yake ilitolewa mwaka 1968. Houston nayo ndiko ilikoanzishwa Compaq, mwaka 1982. Tangu enzi hizo kumbukumbu haijawahi kumtosha mtu.

Kiini huigawa kumbukumbu katika kurasa, kila ukurasa kwa kawaida ukiwa na baiti 4096. Kompyuta moja kubwa ikibeba mashine pepe kumi, yaani kompyuta za kuigizwa ndani yake, zenye mfumo endeshi uleule, kurasa nyingi huwa na yaliyomo yaleyale, baiti kwa baiti. Desemba 2009, Linux toleo la 2.6.32 lilikuja na KSM, kazi ya Izik Eidus, Andrea Arcangeli na wenzao. Humo mna kibarua aitwaye ksmd, ambaye hupita polepole akilinganisha kurasa ambazo programu zimekubali zilinganishwe. Akikuta pacha, hubakiza ukurasa mmoja, huwaelekeza wote kwenye huo, na kuufunga usiandikwe. Mchakato ukitaka kuandika, hupewa nakala yake palepale. Wenyewe haujui kama ulikuwa unasoma ukurasa wa pamoja.

Sasa tuje kwenye maneno. Kiini hutoa faili mbili zinazowachanganya hata wazoefu: pages_shared na pages_sharing. Kwa Kiingereza tofauti ni herufi chache za mwisho. Kwa Kiswahili mnyambuliko unaiweka wazi: kurasa zinazoshirikiwa, na kurasa zinazoshiriki. Kurasa 100 zilizo sawa zikiunganishwa, faili ya kwanza huonyesha 1, ya pili 99. Akiba ni hizo 99, wala si ule mmoja. Katika chama tumejaribu pia "tegemewa" na "tegemezi", ila baadhi yetu wanaona "tegemezi" ina harufu ya dharau, na walimu wetu bado hawajatoa hukumu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitupa Jambo OpenOffice, ukaonyesha kwamba menyu na vitufe vinaweza kusema Kiswahili vizuri. Istilahi za ndani ya kiini ni shamba jingine, na sehemu kubwa bado ni pori.

Faili hizo mbili husema habari za kompyuta nzima. Mwenye seva huuliza jambo jingine: ni mchakato upi hasa unaonufaika? Mwaka 2022 kiini kilianza kutoa taarifa za kila mchakato, na leo ziko katika faili iitwayo ksm_stat, chini ya /proc. Humo mna idadi ya kurasa za mchakato huo zilizounganishwa, na idadi ya kadi ambazo ksmd anazitunza ili kuzifuatilia kurasa zake. "Kadi" ni neno letu. Kiini huziita rmap_items. Kila kadi hula baiti 64 katika kompyuta za biti 64, na huandikwa hata kwa ukurasa ambao haujapata pacha. Hapo ndipo gharama ilipojificha.

Chukua mchakato wenye kurasa 10,000 zilizounganishwa. Akiba yake ni baiti 40,960,000. Kama ksmd anatunza kadi 700,000 kwa ajili yake, kadi peke yake zimekula baiti 44,800,000. Mstari wa faida utaonyesha hasi 3,840,000. Mtu aliyetazama kurasa zilizounganishwa tu angeshangilia hasara.

Na friji je? Imo humohumo. Michakato miwili ikiwa na ukurasa mmoja pacha, kila mmoja huandikiwa kwamba una ukurasa 1 uliounganishwa, na kila mmoja hudai akiba ya baiti 4096. Kweli imeokolewa 4096 moja. Kwa hiyo faida za michakato hazijumlishwi. Zinafaa kupima mchakato mmoja ubaki katika mpango au utolewe. Anayetaka matumizi yanayojumlishika atazame kipimo cha Pss, ambacho huugawa ukurasa kwa idadi ya wanaoutumia. Friji ya wanne, kila mmoja robo. Sisi tunaona hicho ndicho chenye haki zaidi, ingawa si wote wanaokitazama.

Suala hili lilipata uzito mwaka 2023, Linux 6.4 ilipouruhusu mchakato kuingizwa mzimamzima katika KSM kwa ombi moja. Kazi hiyo ilitoka kwa wahandisi wa Meta, kampuni ambayo kituo chake cha data kilifunguliwa kaskazini mwa Fort Worth mwaka 2017. Lakini kuungana kuna hatari. Kuandika kwenye ukurasa wa pamoja huchelewa kidogo, kwa kuwa nakala hutengenezwa kwanza. Mpangaji mjanja akipima muda huo anaweza kubaini kwamba jirani yake ana ukurasa kama wake. Kwa hofu hiyo, mwaka 2014 VMware waliamua kwamba mashine pepe tofauti zisishirikishwe kurasa mpaka msimamizi aruhusu.

Anayetaka kujionea aandike cat /proc/self/ksm_stat kwenye Linux ya miaka ya karibuni. Mara nyingi atakuta sifuri tupu: ksmd hulala mpaka mwenye kompyuta aandike 1 katika /sys/kernel/mm/ksm/run.