Mofini, usugu na usingizi wa mgonjwa

Mgonjwa wa saratani anayepewa mofini ya maji akatumie nyumbani huelekezwa aghalabu hivi: anywe kila baada ya saa nne, na dozi ya kulalia iwe maradufu ili maumivu yasimwamshe saa nane usiku. Wanaomuuguza, awe Marambo au Ruangwa mjini, mkoani Lindi, wanaweza kuifuata ratiba hiyo barabara, na bado wiki kadhaa baadaye dozi ileile isimtoshe. Hapo minong'ono huanza: keshakuwa teja huyu.

Si kweli, na minong'ono hiyo inaumiza watu. Mwili ukiizoea dawa hadi nguvu yake ikapungua, huo ni usugu. Dawa ikikatizwa ghafla mwili ukavurugika, kwa jasho, miayo, kuharisha na kukesha, huo ni utegemezi. Mvurugiko huo vijana wa mjini huuita arosto. Uraibu ni tamaa inayomtawala mtu hata anapoyaona madhara. Mgonjwa anaweza kuwa na usugu na utegemezi bila uraibu wowote, na pengine dozi imepanda kwa kuwa uvimbe umekua. Kumnyima mofini kwa hofu ya uraibu ni kumtesa.

Usingizi unaingiaje hapa? Ndani ya ubongo kuna tezi ya pineali, ndogo kama punje ya mchele, inayotoa homoni iitwayo melatonini. Aaron Lerner wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzake waliitenga mwaka 1958 kutoka kwenye tezi za ng'ombe. Giza likiingia homoni hii hupanda. Mwanga, hata wa simu, huishusha.

Panya wa maabara wakipewa mofini mfululizo hupata usugu upesi. Watafiti walipowapa mofini pamoja na melatonini, usugu ulipungua, na dalili za arosto nazo zikapoa. Inavyoelekea, mofini ya muda mrefu huzichokoza seli za neva na seli jirani zake zitoe kemikali za uchochezi, na melatonini huutuliza uchochezi huo. Lakini panya si binadamu, na kwa binadamu ushahidi bado ni mchache. Simshauri mtu yeyote akanunue vidonge vya melatonini kwa sababu ya makala hii.

Ninalosisitiza ni kwamba usiku wa mgonjwa uulizwe. Tangu Februari 2011, Muhimbili hutoa methadoni kwa waraibu wa heroini, dozi ikinywewa mbele ya mhudumu. Kote duniani, wengi wanaotumia methadoni hulalamika kwamba hawalali vizuri, hata arosto ikiwa imekwisha. Dawa za jamii ya mofini, methadoni ikiwemo, humsinzisha mtu huku zikimpunguzia usingizi mzito, na asiyelala huyahisi maumivu zaidi.

Kwa hiyo anayeuguza amweleze mhudumu wa afya mgonjwa huamka saa ngapi, na kama ni maumivu yanayomwamsha. Asipandishe wala asikate dozi mwenyewe. Mgonjwa akisinzia kupita kiasi na pumzi zikawa chache, dozi inayofuata isitolewe. Awahishwe kituo cha afya.