Joe Henderson na Sahani za Kuwakumbuka Wenzake

Neno "jazz" si geni kwako. Wengi wetu tumesikia redioni nyimbo za zamani za Morogoro Jazz au Tabora Jazz. Lakini bendi zile zilipiga muziki wa dansi, na magitaa ndiyo yaliyotangulia. Jina la jazz lilitoka mbali. Muziki wenyewe wa jazz ulianzishwa na watu weusi wa Marekani. Leo tunataka kumweleza mmoja wa wapigaji wake, Joe Henderson, kwa sababu habari yake inahusu jambo tunalolijua sote: mtu kufanya kazi, na jina likaenda kwingine.

Henderson alizaliwa mwaka 1937 katika mji wa Lima, jimbo la Ohio, kwenye nyumba yenye watoto zaidi ya kumi. Chombo chake kilikuwa saksafoni. Hiki ni bomba la shaba lililopindwa kama kiko kikubwa. Mdomoni pana kipande chembamba cha tete. Mpigaji akipuliza, tete linatetemeka na sauti inatoka. Vidole vyake vinafunga na kufungua matundu. Ukiijua zumari, basi nusu ya habari umeshaielewa.

Katika jazz wimbo hauishii pale alipoishia mtunzi. Kwanza wapigaji wanaupiga kama ulivyo. Kisha kila mmoja anapata zamu yake ya kubuni sauti mpya palepale, bila kuandikiwa. Ndiyo maana wimbo wa mtu aliyekufa zamani unaweza kupigwa leo ukawa mpya, na bado ukawa wake.

Mwaka 1963 Henderson alitoa sahani yake ya kwanza. Aliyemshika mkono alikuwa mpiga tarumbeta Kenny Dorham, aliyemzidi karibu miaka 13. Tangu hapo wanamuziki walimjua sana. Watu wa kawaida hawakumjua. Miaka ikapita, kumi, ishirini, karibu thelathini. Alirekodi sahani nyingi nzuri, lakini sifa kubwa ikawa inapita kwa wengine.

Kumbe mlango ulifunguka alipoacha nyimbo zake na kupiga za mtu mwingine.

Kazi ya Billy Strayhorn

Mtu huyo ni Billy Strayhorn. Alizaliwa mwaka 1915 na kukulia mji wa Pittsburgh. Mwaka 1939 alianza kufanya kazi na Duke Ellington, aliyekuwa na bendi kubwa mashuhuri. Strayhorn alitunga nyimbo na kuwapangia wapigaji sauti zao. Hata wimbo uliokuwa kitambulisho cha bendi ile, "Take the 'A' Train", ulitungwa naye. Jina hilo linataja treni ya mjini iliyokwenda Harlem, mtaa wa watu weusi wa New York.

Lakini bendi iliitwa ya Ellington. Msikilizaji akipenda wimbo, anasema, "Huo ni wa Ellington." Na mara nyingine jina la Strayhorn halikuandikwa pale lilipostahili. Hatusemi kwamba Ellington alimdharau. Strayhorn alipofariki mwaka 1967 kwa ugonjwa wa saratani, Ellington alihuzunika sana, na mwaka huohuo akarekodi sahani nzima ya nyimbo za mwenzake. Hata hivyo, umma uliendelea kulikumbuka jina moja tu.

Mwaka 1991 Henderson aliingia studio kuzirekodi nyimbo za Strayhorn. Sahani ilitoka mwaka 1992 kwa jina la "Lush Life", na chini yake imeandikwa wazi kwamba huu ni muziki wa Billy Strayhorn. Humo Henderson anapiga na wenzake wanne, pengine na wawili, pengine na mmoja. Mwishoni wote wanaondoka. Anabaki peke yake na saksafoni yake, anapiga wimbo ambao Strayhorn alianza kuutunga akiwa kijana mdogo. Hakuna ngoma, hakuna kinanda. Sisi tunaona hapo ndipo pazuri kuliko pote.

Sahani hiyo ilipendwa. Mwaka 1993 Henderson alipata tuzo ya Grammy, ambayo ni tuzo kubwa ya muziki Marekani. Alikuwa na miaka 55. Kisha akatoa sahani ya kumkumbuka mpiga tarumbeta Miles Davis, ikapata tuzo mbili mwaka 1994. Mwaka 1995 akatoa ya nyimbo za Antonio Carlos Jobim wa Brazili.

Bendi kubwa

Sasa tuje kwenye deni lake la zamani. Bendi kubwa ya jazz ina watu 15 au zaidi: wapiga saksafoni watano, tarumbeta nne, tromboni tatu au nne, halafu piano, besi na ngoma. Kuilisha na kuisafirisha ni gharama. Baada ya vita vya 1939 hadi 1945 nyingi zilivunjika.

Mwaka 1966 Henderson na Dorham waliunda bendi kama hiyo New York. Ilikuwa ya mazoezi. Watu walikuja kwa kupenda tu, wapate kusikia nyimbo zao zikipigwa na watu wengi. Dorham alifariki mwaka 1972, akiwa na miaka 48.

Henderson alirekodi sahani yake ya bendi kubwa mwaka 1992 na 1996, ndiyo kusema miaka 30 tangu mazoezi yale. Nyimbo nyingi humo alizitunga mwenyewe, na wa Strayhorn umo pia, "Chelsea Bridge". Mwaka 1998 sahani hiyo nayo ikapata Grammy. Mwaka huohuo alipata kiharusi. Alifariki mwaka 2001 mjini San Francisco.

Katika sahani hiyo umo wimbo "Recorda-Me". Ni wimbo wake wa sahani ya kwanza, ya 1963, ile ambayo tarumbeta aliipiga Dorham.