Chembe ya Rangi Mbele ya Sheria

Dereva amgongapo mtu na kutoroka, huenda akaacha chembe ya rangi ya gari kwenye nguo za majeruhi. Rangi hiyo hushikamanishwa na polima, yaani molekuli ndefu mfano wa mnyororo. Maabara huipasha chembe joto la nyuzi 600 hadi 800 za Selsiasi pasipo oksijeni. Minyororo hukatika, na chombo kiitwacho spektrometa ya masi hupima vipande na kutambulisha aina ya rangi.

Hata hivyo, magari mengi hupakwa rangi ya namna moja kiwandani. Kwa hiyo tofauti yaweza kumwokoa asiye na hatia, bali mfanano peke yake haumtii mtu hatiani. Askari aokotaye chembe hana budi kuihifadhi pekee, kwani ikishaunguzwa hairudi.