Mizigo Juu ya Gari: Tuliyoyaona Kibaoni na Yanayotupasa Sisi Wenye Karafuu

Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya mikarafuu, majamvi, mizani na bei. Safari hii twaomba ruhusa yenu tuzungumze juu ya jambo lisiloota shambani, lakini ambalo kila gunia litokalo shambani hukutana nalo kabla ya kufika kituo cha kununulia. Jambo lenyewe ni kupakia mizigo nje ya gari: juu ya paa, nyuma ya mlango, na hata ubavuni. Huenda mwanachama akauliza, "Na hilo nalo ni jambo la kuandikwa?" Twajibu kuwa ndilo. Karafuu iliyochumwa kwa taabu na kuanikwa kwa siku nyingi yaweza kupotea katika nusu saa ya njia, na pengine ikapotea pamoja na roho ya mtu.

Sababu ya kuliandika sasa ni safari tuliyotumwa na chama kwenda bara kununua mchele wa kuwalisha wachumaji wakati wa msimu. Tulikwenda bonde la Kilombero, mkoa wa Morogoro, ambako mchele wake wasifiwa kote nchini, tukafikia Kibaoni, katika mji wa Ifakara.

Kibaoni na njia zake

Atokaye Dar es Salaam hupita Morogoro mpaka Mikumi, hapo akaiacha njia kuu na kushika ya Kidatu. Upande mmoja huiona milima ya Udzungwa yenye misitu, na upande wa pili mashamba ya miwa yasiyo na mwisho. Kutoka Kidatu mpaka Ifakara ni kilomita 66.9, njia ambayo zamani ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika, na ambayo sasa imetiwa lami. Ukiupita mji wa Ifakara kuelekea Mahenge wauvuka mto Kilombero. Hapo palikuwa na kivuko, na watu na magari walingoja zamu. Siku hizi pana daraja la mita 384, lililozinduliwa mwaka 2018 na kupewa jina la Rais Magufuli. Reli ya TAZARA nayo, iliyojengwa baina ya mwaka 1970 na 1975, hupita Ifakara.

Basi mahali penye mpunga mwingi, daraja na njia nzuri, hapakosi magari, na penye magari hapakosi mizigo. Tulikaa Kibaoni siku tatu, na kazi yetu kubwa ilikuwa kungoja mchele ukobolewe na kupimwa. Katika kungoja huko tuliyatazama magari yakipita. Tuliona basi dogo lenye matenga ya kuku juu ya keria, na juu ya matenga godoro, na juu ya godoro baiskeli mbili, maana Ifakara ni mji wa baiskeli na mtu hasafiri akaiacha yake. Tuliona motokaa ndogo yenye mbao zilizotokeza mbele kama pembe na nyuma kama mkia. Tuliona lori lililojaa magunia mpaka juu, na juu ya magunia wamekaa watu wanane, wawili wao wamesinzia.

Ada ya zamani

Tusiseme kuwa ada hii ni ya watu wa Kilombero peke yao, wala ya Waafrika peke yao. Motokaa za mwanzo huko Ulaya na Marekani hazikuwa na buti hata kidogo. Msafiri alilifunga sanduku lake kwa mikanda nyuma ya gari, nje kabisa, au aliliweka juu ya ubao wa kukanyagia uliokuwa ubavuni. Baadaye mafundi walilifanya sanduku hilo kuwa sehemu ya gari lenyewe, na Wamarekani mpaka leo huliita buti kwa neno lao la sanduku la safari.

Nasi visiwani twalijua jambo hili. Nani asiyeyajua magari yetu ya abiria yenye bodi za mbao, ambayo paa lake ni ghala? Mikungu ya ndizi, magunia ya mihogo, vitanda, madumu ya mafuta, vyote hupanda juu. Karafuu iliyobebwa zamani kichwani, kwa punda na kwa gari la ng'ombe, leo nayo yapanda juu huko huko.

Paa hudanganya

Gari huweza kubeba mzigo mkubwa chini ukatulia, na mzigo huo huo ukiuweka juu, likayumba. Sababu ni kuwa uzito ukiwa chini huishika ardhi, na ukiwa juu huwa kama mtu aliyesimama ndani ya mtumbwi. Katika kona gari huinama, uzito wa juu ukalivuta zaidi, na gari lililokuwa likipita kona hiyo kila siku bila shida likapinduka.

Tazameni hesabu. Magari mengi madogo yametengenezwa ili paa libebe baina ya kilo 50 na 100 tu, na uzito wa keria yenyewe umo katika hesabu hiyo. Tufanye gari limeruhusiwa kilo 75 na keria ina kilo 20. Kilichobaki ni kilo 55. Gunia moja la karafuu la kilo 50 limekwisha kulijaza paa! La pili ni dhuluma juu ya gari na juu ya waliomo ndani yake.

Kisha kuna upepo. Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukizidi mara mbili, kutoka kilomita 40 mpaka 80 kwa saa, nguvu ya upepo huzidi mara nne. Ndiyo maana turubai lililotulia kijijini hupasuka kwenye njia kuu, na petroli hupungua upesi kuliko ulivyodhani. Na kuna breki. Gari husimama, lakini mzigo hautaki kusimama. Katika breki kali gunia la kilo 100 laweza kusukuma mbele kwa nguvu ya karibu kilo 80, na kinacholizuia ni kamba peke yake. Kama kamba ni mbovu, gunia laendelea na safari.

Tuliyoyaona kwa macho

Siku ya pili tuliyaona hayo yakitokea. Gari dogo la abiria lilitoka na magunia manne ya mchele juu, yamefungwa kwa vipande vya mpira wa tairi. Halikufika mbali. Mbuzi alikatiza njia, dereva akakanyaga breki, na gunia la mbele likateleza juu ya kioo, likaanguka na kupasuka. Kijana aliyekuwa akija kwa baiskeli na mzigo wa kuni alijitupa mtaroni. Alhamdulillahi alitoka na magoti yaliyochubuka tu. Lau angalichelewa kidogo, tungeandika khabari nyingine.

Mwenye mchele alikuwa mama mmoja mtu mzima. Watu walimsaidia kuzoa, lakini mchele uliochanganyika na mchanga si mchele wa kuuza. Alimwendea dereva, naye akamjibu kuwa mzigo wa juu ni kwa hatari ya mwenyewe. Mama hakuwa na stakabadhi, wala shahidi wa uzito.

Jioni tulimwendea kumpa pole. Tulipokwisha kumwamkia, mmoja wetu alimwuliza kwa nini hakuyaweka magunia ndani. Alisema, "Wanangu, magunia manne ndani ni viti vya watu. Nauli ya watu hao nani atailipa? Mchele huu ndio ada ya shule ya wajukuu zangu. Nikiulipia kiti, sitabakiwa na kitu."

Maneno hayo tuliyafikiri sana. Ni rahisi mtu aliyeshiba kusema kuwa mizigo juu ya gari ipigwe marufuku. Lakini paa ndilo lori la asiye na lori. Likifungwa kabisa, mkulima mdogo hatafika sokoni, na mwenye lori atamnunulia mlangoni kwa bei atakayo. Basi neno la haki ni kuwa mzigo upakiwe kwa kipimo, ufungwe vizuri, na mwenye gari akubali dhamana ya alichokipokea.

Sisi wenyewe tulikuwa na magunia kumi na mawili. Utingo mmoja alituambia kwa furaha, "Shehe, sita juu, sita ndani, twende!" Sita ya kilo 100 ni kilo 600, yaani watu wanane wa kilo 75 wamekaa juu ya paa la gari dogo. Tulimshukuru tukakataa. Tulimpata mnunuzi mwingine aliyekuwa akienda Dar es Salaam, tukashirikiana lori moja, mchele ukafika bandarini mkavu na kamili. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na utingo aliona usufi, lakini sisi tuliona mchele wa wachumaji wetu.

Sheria yasemaje

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari, iliyoanza kutumika Tanzania Bara mwaka 2019. Yahusu magari ya kilo 3,500 na zaidi, na ndiyo maana malori na mabasi hupimwa kwenye mizani za njiani, kama ile ya Vigwaza mkoani Pwani. Lakini motokaa ndogo haipiti mizani hizo. Mizani yake ni akili ya dereva na ya mwenye mzigo. Wala magunia ya lumbesa, yale yaliyofumwa kilemba juu, hayakubaliki kisheria bara, nayo ndiyo ya kwanza kuteleza kwa kuwa hayana umbo la kufungika.

Yanayotupasa

Ndugu wanachama, kutokana na hayo tumeona yafaa kukumbushana mambo haya:

Kwanza, usisafirishe karafuu mbichi kama huna dharura. Yahitajika karibu kilo tatu za mbichi kupata kilo moja kavu. Mwenye kupakia mbichi juu ya gari, sehemu mbili katika tatu za mzigo wake ni maji. Tena karafuu mbichi iliyoshindiliwa guniani hupata joto, huvunda na kupoteza rangi yake njema. Ichambueni na kuianika karibu na shamba, kisha ndiyo ipande gari.

Pili, karafuu kavu ikipanda juu ifunikwe turubai zima, lisilo na tundu. Msimu wetu huingia mpaka kwenye mvua za vuli, na manyunyu machache yaharibu kazi ya siku nyingi za jua.

Tatu, isiwekwe karibu na madumu ya dizeli au mafuta ya taa, wala samaki. Mwenye kununua karafuu hununua harufu yake.

Nne, mzigo mzito ukae chini ndani ya gari, na mwepesi ndio upande juu. Magunia yalazwe, yasisimamishwe, na yafungwe kwa kamba zinazopita mbele, nyuma na pande zote mbili. Mpira wa tairi usitumike peke yake. Mpira huvutika, na ukivutika mzigo umekwisha kuondoka mahali pake.

Tano, baada ya mwendo mfupi dereva asimame akaze kamba tena. Magunia hushuka na kukaa, na kamba iliyokuwa imekaza hulegea. Dakika tano hizo ndizo zilizomkosa yule mama wa Kibaoni.

Sita, mtu asikae juu ya mzigo, wala mtoto wala mchumaji, hata kwa njia fupi ya kutoka konde mpaka kijijini. Twahuzunika kila msimu kwa wanaoanguka mikarafuuni. Tusiongeze wanaoanguka magarini.

Saba, daini stakabadhi yenye idadi ya magunia, uzito wake na namba ya gari. Asiyetaka kuandika alichokipokea, usimpe.

Neno la mwisho ni la ushirika. Mwanachama mwenye magunia mawili hawezi kukodi lori, lakini wanachama kumi wenye mawili mawili waweza. Kwa hiyo ofisi ya chama itafungua daftari la safari kwa kila kijiji. Kila mwenye karafuu kavu aandikishe idadi ya magunia yake kwa mjumbe wake siku tatu kabla, na magunia yakitimia gari moja litakodiwa kwa wote, gharama igawanywe kwa kilo. Wajumbe wataletewa madaftari kabla ya mchumo kuanza. Asiyemjua mjumbe wake na afike ofisini siku yoyote ya kazi, ataelekezwa.

Twawatakieni msimu wa heri, jua la kutosha na njia za salama.

Wassalaam,
Katibu wa Chama