Siliguri, Mji wa Shingoni mwa Bengali

Mtu akiitazama ramani ya Bara Hindi ataona kwamba upande wa mashariki nchi hiyo karibu ikatike vipande viwili. Kati ya Nepali na Bangladeshi umebaki ukanda mwembamba wa ardhi, ambao mahali palipo pembamba kuliko pote upana wake ni kama maili 13 tu. Kila behewa la mchele, kila pipa la mafuta, na kila askari aendaye Assam kwa reli au kwa barabara pasipo kutoka katika nchi ya India, hana budi kupita hapo. Ukanda huo umepewa jina la Shingo ya Kuku. Katika shingo hiyo, ukingoni mwa mto Mahananda, ndipo ulipo mji wa Siliguri, ambao kwa ukubwa katika Bengali ya kaskazini hauna mwenziwe.

Nchi yenyewe huitwa Terai, yaani ardhi ya bondeni yenye unyevu iliyo chini ya milima. Siliguri uko futi 400 tu juu ya bahari, lakini msafiri akielekea kaskazini kwa mwendo mfupi huikuta milima ya Himalaya imesimama mbele yake kama ukuta. Kutoka huko hushuka Mahananda, na Balason inayoingia ndani yake, na upande wa mashariki Teesta iliyo kubwa kuliko zote. Mvua za masika huanza mwezi wa Juni na kuendelea hata Septemba, na mito hiyo hufurika, ikichukua mawe ya mlimani na kuyaviringisha hata yakawa kokoto laini. Husemwa kwamba jina la mji latokana na kokoto hizo, yaani rundo la vijiwe. Yawezekana ni kweli, maana jiwe kwa Kibengali ni shil. Ila ile tamko la guri laonekana katika majina mengi ya nchi ile, kama Jalpaiguri, Mainaguri na Dhupguri, wala si yote yenye kokoto. Jalpai ni tunda kali lifananalo na zeituni. Mimi nadhani yafaa kuangalia kwanza mwisho wa majina hayo yote pamoja kabla ya kulifasiri moja peke yake.

Zamani Terai ilikuwa msitu mnene wa miti ya sal, wenye tembo na chui, na watu waliiogopa kwa homa yake. Wasafiri walishauriwa wasilale humo. Mwaka 1861 bibi Charlotte Canning, mke wa mtawala mkuu wa Kiingereza wa India, aliugua malaria aliyoipata Terai alipokuwa akirudi kutoka Darjeeling, akafa Calcutta. Wenyeji wa bonde, Warajbanshi na Wamechi, ndio waliojua kukaa humo, wakifyeka, wakilima mpunga na kuhama.

Kutawaliwa kwa ardhi hii ni habari ya kupokezana. Wagurkha wa Nepali waliitwaa kwa Mfalme wa Sikkim. Waingereza wakapigana na Wagurkha miaka ya 1814 hata 1816, na kwa mapatano ya Titalia ya mwaka 1817 wakamrudishia mfalme yule nchi iliyo kati ya mito Mechi na Teesta. Mwaka 1835 mfalme akawapa Waingereza kilima cha Darjeeling, kiwe mahali pa kupumzikia wagonjwa wao. Kisha mwaka 1849 Dokta Archibald Campbell, aliyekuwa msimamizi wa Darjeeling, pamoja na Joseph Hooker, mtaalamu wa mimea, walikamatwa wakisafiri Sikkim, wakawekwa kifungoni kwa majuma kadhaa. Walifunguliwa bila kuuawa. Lakini mwaka 1850 Waingereza wakaifanya habari hiyo kuwa sababu ya kuitwaa Terai yote. Hivyo ndivyo Siliguri, kijiji kisicho na neno, kilivyoingia mikononi mwa Bengali.

Kilichokiinua kijiji ni chai. Katika miaka ya 1850 mashamba ya chai yalianza kupandwa Darjeeling, na baadaye Terai na Duars pia, ambayo Bhutan iliitoa kwa Waingereza mwaka 1865. Chai ilihitaji njia ya kushukia. Kwanza ilijengwa barabara ya magari ya ng'ombe ya kupanda mlimani, ambayo hata leo ndiyo mtaa mkuu wa mji. Mwaka 1878 reli ya upana wa mita moja ilifika Siliguri kutoka kusini. (Ni upana ule ule uliotumiwa katika reli ya kwetu ya Mombasa mpaka ziwani, iliyojengwa kuanzia mwaka 1896 kwa mikono ya vibarua wengi wa Kihindi, na neno gari twalitumia sisi kama walitumiavyo wao, maana Mbengali akisema relgari, Mswahili hahitaji mkalimani.) Abiria kutoka Calcutta walifika kwa treni ukingoni mwa mto Padma, wakavushwa kwa meli, wakapanda treni nyingine ng'ambo. Mwaka 1915 lilifunguliwa daraja la Hardinge, na mwaka 1926 njia pana ikafika Siliguri yenyewe, hata mtu akaweza kulala garini Calcutta akaamka chini ya Himalaya.

Kutoka hapo juu kulikuwa na kazi nyingine. Franklin Prestage, aliyekuwa mtu wa reli, aliona jinsi mchele ulivyokuwa rahisi Siliguri na ghali Darjeeling, akakata shauri kujenga reli nyembamba ya futi mbili tu kando ya barabara ile ya ng'ombe. Ilianzwa mwaka 1879, na mwaka 1881 ikafika Darjeeling, kadiri ya maili 55, ikipanda zaidi ya futi 7,000. Mahali palipo na mwinuko mkali, treni huzunguka na kujipita yenyewe kama nyoka, na penginepo huenda mbele, ikarudi nyuma, ikaenda mbele tena, kila mara ikiwa juu zaidi. Mwaka 1999 UNESCO iliitia katika urithi wa ulimwengu.

Hata hivyo Siliguri ulikuwa mji wa kubadilishia treni tu. Mwaka 1931 watu wake walikuwa elfu sita hivi. Mji mkubwa wa nchi ile ulikuwa Jalpaiguri, makao ya wilaya, ambako matajiri wa Kibengali walikuwa na kampuni zao za chai.

Mambo yaligeuka mwezi wa Agosti 1947. Bara Hindi lilipogawanywa, mpaka ulichorwa katikati ya Bengali, na reli iliyotoka Calcutta ikajikuta imepita ndani ya Pakistan ya Mashariki. Siliguri ulibaki India, lakini njia yake ya kwenda Calcutta ilikuwa sasa katika nchi ya wengine. Na Assam nayo ilikuwa imekatika. Serikali ikajenga kwa haraka njia mpya ndani ya ile shingo, kuvuka Teesta na mito mingine mingi ya mlimani, kutoka Kishanganj kupitia Siliguri hata Fakiragram. Kazi ilianza mwanzoni mwa 1948, na Januari 1950 treni za abiria zikapita.

Pamoja na njia wakaja watu. Wabengali waliokimbia mashariki walifika na mabunda yao, wakajenga vibanda kandokando ya reli na mto, vikawa vitongoji, na vitongoji vikawa mitaa. Mwaka 1951 mji ulikuwa na watu zaidi ya 32,000, na katika hesabu ya mwaka 2011 walikuwa 513,264. Waliongezeka kutoka Assam wakati Wabengali walipoteswa huko mwaka 1960, na tena wakati wa vita vya Bangladeshi mwaka 1971. Walikuja Wamarwari wenye maduka, watu wa Bihar wenye kazi za mikono, Wanepali kutoka mlimani, na Watibeti waliokimbia nchi yao baada ya 1959.

Lugha za mji basi ni nyingi. Nyumbani na shuleni husikika Kibengali, sokoni Kihindi, kituo cha magari ya mlimani Kinepali, vijijini Kirajbanshi, na katika mashamba ya chai Kisadri, lugha waliyokuja nayo wafanyakazi wa Kioraon, Kimunda na Kisantali kutoka uwanda wa Chota Nagpur, ambao kila kabila lina lugha yake lakini Kisadri chawaunganisha. Msomaji wa Kiswahili atayaelewa mara moja maneno kadhaa ya Kibengali: kolom ni kalamu, hisab ni hesabu, dokan ni duka, duniya ni dunia, maana sisi na wao tumeyapokea kutoka Uarabuni na Uajemi. Lakini na ajihadhari na majina ya jamaa. Baba ni baba. Baada ya hapo kila kitu kimepinduka. Dada kwa Kibengali ni kaka mkubwa, na dada mkubwa huitwa didi. Kaka ni ndugu mdogo wa baba, ambaye sisi twamwita baba mdogo. Na mama, tazama ajabu hii, ni mjomba, ndugu wa kiume wa mama! Abiria akimwita dereva asiyemjua dada, amempa heshima wala hakumdharau. Na mwenye duka la chai, awe na mvi namna gani, huitwa kaka na watoto wa mtaa.

Habari ya ardhi ni ngumu kuliko ya maneno, nayo imo ndani ya maneno. Mkulima asiye na shamba huko aliitwa adhiar, kwa sababu adha ni nusu: alilima shamba la mwenye mali, na mavuno yakagawanywa nusu kwa nusu. Nusu hiyo haikuwa nusu ya kweli, kwa kuwa kabla ya kugawa yalitolewa madeni ya mbegu na riba yake. Miaka ya 1946 na 1947 wakulima wa Bengali waliinuka wakidai tebhaga, yaani mafungu matatu, mawili yawe ya mlimaji na moja la mwenye shamba. Ardhi ya mkulima wa Kirajbanshi ilikuwa ikimtoka tangu zamani kwa madeni. Na mji ulipokua, hata kile kiwanja cha nyumba kikawa na bei asiyoiweza. Wafanyakazi wa chai nao walikaa zaidi ya karne moja katika nyumba zilizo juu ya ardhi ya kampuni, mjukuu akirithi kazi ya bibi yake ili asifukuzwe nyumbani. Ni katika miaka hii ya 2020 tu serikali ya jimbo imeanza kuwapa baadhi yao hati za viwanja.

Naxalbari ni kijiji kilichoko magharibi ya Siliguri, karibu na mpaka wa Nepali. Mwezi wa Mei 1967 wakulima wa huko, Warajbanshi na Wasantali na Waoraon, walianza kutwaa mashamba na mpunga kwa nguvu. Askari mmoja wa cheo aliuawa kwa mshale, na kesho yake, tarehe 25, polisi waliwapiga risasi watu 11 wakafa, wengi wao wakiwa wanawake. Charu Majumdar, mkaaji wa Siliguri, ndiye aliyeiandikia fitina hiyo maneno yake. Alikufa kizuizini Calcutta mwaka 1972. Tangu siku hizo jina la kijiji limekuwa jina la chama: kote India mwasi wa namna ile huitwa Naksali, hata kama aliye naye hajui Naxalbari iko wapi. Wengi huisimulia habari hii kama habari ya Majumdar. Mimi naona ingefaa ianzwe na yule adhiar na hesabu ya mbegu.

Mwaka uliofuata, Oktoba 1968, Teesta ilivunja kingo usiku na kuufunika mji wa Jalpaiguri. Watu wengi sana walikufa. Mji ule haukurudia nguvu zake. Wafanya biashara walihamia Siliguri, na mwaka 1976 mnada wa chai ukaanzishwa humo. Tayari palikuwa na chuo kikuu cha Bengali ya Kaskazini tangu 1962, na kituo kikubwa cha treni kiitwacho New Jalpaiguri, ambacho jina lake huwapoteza wageni, kwa kuwa kiko Siliguri. Mwaka 1994 mji ukapewa baraza la jiji lenye kata 47. Kata 33 zimo katika wilaya ya Darjeeling na 14 katika wilaya ya Jalpaiguri, hata majirani wa jiji moja huenda kwa mabwana wawili mbalimbali. Mwaka 2020 ile reli ya Haldibari, iliyofungwa tangu vita vya mwaka 1965, ilifunguliwa tena kuingia Bangladeshi.

Katika kukua huko, aliyepunguzwa ni mto. Mahananda hupita katikati ya mji. Maji machafu ya mitaa huingia humo, ng'ombe na nyati hufugwa kingoni, mchanga na mawe huchimbwa, na maskini waliokosa kiwanja wamejenga mpaka ndani ya njia ya maji, wakihama mvua ikinyesha na kurudi ikiisha. Siku ya sita baada ya sikukuu ya taa huja sikukuu ya Chhath ya watu wa Bihar. Jioni, na tena alfajiri, maelfu ya wanawake waliofunga hawali wala hawanywi, huingia mtoni na vikapu vya matunda na miwa kuliabudu jua. Wakati huo mvua zimekwisha na maji ni machache. Husimama humo hata magotini, wameelekea mashariki, wakingoja.