Tiba na Usalama Katika Tamasha za Kambini: Mafunzo Kutoka Woodstock, Altamont na Roskilde

Utangulizi

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba penye wengi pana mengi. Tamasha ya muziki inayofanyika shambani kwa siku kadhaa, huku wahudhuriaji wakilala katika mahema, ni sawa na mji uliozuka kwa usiku mmoja. Mji huo una watu wa kula, wa kulala, wa kuugua na wa kugombana, ilhali hauna hospitali, kituo cha polisi wala mabomba ya maji ila yale yaliyoletwa na waandaaji. Aghalabu tiba na usalama hushughulikiwa kana kwamba ni mambo mawili yasiyohusiana: daktari angoje mgonjwa hemani, naye mlinzi asimame langoni na rungu lake. Makala haya yanadhamiria kuonyesha, kwa kurejelea tamasha tatu zilizoacha alama katika historia, kwamba mambo hayo ni chanda na pete, na kwamba hatima yake huamuliwa kabla ya lango kufunguliwa.

Woodstock: ulinzi wa kuomba

Tamasha ya Woodstock ilifanyika kati ya tarehe 15 na 18 Agosti 1969 katika shamba la mfugaji Max Yasgur huko Bethel, jimbo la New York nchini Marekani. Waandaaji walikuwa wamewaambia wenyeji kwamba wangefika watu 50,000 hivi. Waliofika walizidi 400,000. Uzio haukuwa umekamilika, na barabara zilizibwa na magari hata ambulensi zikashindwa kupita. Ililazimu wanamuziki, madaktari na dawa kuletwa kwa helikopta, zikiwemo za jeshi.

Kwa upande wa ulinzi, waandaaji walikuwa wamepanga kuwatumia polisi wa jiji la New York waliokuwa nje ya zamu, lakini mkuu wao alipiga marufuku mpango huo siku chache kabla ya tamasha. Sehemu kubwa ya kazi ya kuutuliza umati ikawaangukia Hog Farm, kundi la watu walioishi kwa ujima chini ya uongozi wa Hugh Romney. Walijiita "Kikosi cha Tafadhali", jina ambalo kwa Kiingereza linakaribiana kimatamshi na lile la kikosi cha polisi. Mbinu yao ilikuwa kuomba, si kuamrisha. Kijana aliyepagawa kwa dawa za kulevya aliketishwa hemani, akazungumzishwa kwa upole na kuhakikishiwa kwamba hali ile ingepita. Alipopata nafuu, aliombwa amhudumie mwenzake aliyeingia baada yake. Kwa njia hiyo, mgonjwa aligeuka muuguzi, nao madaktari waliokuwa chini ya William Abruzzi wakapata nafasi ya kuwashughulikia wengine, wakiwemo watu wengi waliokatwa nyayo na vigae vya chupa.

Hata hivyo, haifai kuisifu Woodstock kupita kiasi. Kijana mmoja aliyekuwa amelala ndani ya mfuko wa kulalia alikanyagwa na trekta akafa. Kosa hilo haliwezi kutibiwa na daktari hodari wala kuzuiwa na mlinzi mpole. Ni zao la mpango usiotenganisha njia za magari na mahali pa kulala.

Altamont: ulinzi wa mabavu

Miezi isiyotimia minne baadaye, tarehe 6 Desemba 1969, watu wapatao 300,000 walikusanyika katika uwanja wa mashindano ya magari wa Altamont, jimboni California. Uwanja huo ulichaguliwa siku mbili hivi kabla ya tamasha, baada ya mahali pa awali kukosekana. Jukwaa lilikuwa limebuniwa kwa ajili ya kuwekwa juu ya kilima. Huku Altamont liliwekwa bondeni, nalo halikuzidi kimo cha kifua cha mtu mzima. Umati ukawa unalisukuma kutoka juu.

Kundi la waendesha pikipiki la Hells Angels ndilo lililowekwa kando ya jukwaa hilo, na inasimuliwa kwamba ujira wake ulikuwa bia ya thamani ya dola 500. Watu hao walilewa, wakawapiga wahudhuriaji kwa fimbo za mchezo wa biliadi, na hata mwanamuziki Marty Balin akapigwa akazirai. Kundi la Rolling Stones lilipokuwa likitumbuiza, Meredith Hunter, kijana Mweusi mwenye umri wa miaka 18 aliyekuwa amechomoa bastola, alidungwa kisu na mmoja wa Hells Angels akafariki. Mshtakiwa aliachiliwa na mahakama kwa msingi kwamba alijitetea. Isitoshe, watu wawili waligongwa na gari mahali walipokuwa wamepiga kambi, na mwingine akafa maji katika mfereji. Kama ilivyokuwa Woodstock, gari liliua pale watu walipojipumzisha.

Roskilde: umati usio na hasira

Huenda msomaji akadhani kwamba hatari hutokana na vurugu tu. Tamasha ya Roskilde nchini Denmark, iliyoanzishwa mwaka wa 1971 na inayotegemea sana watu wa kujitolea, inathibitisha vinginevyo. Usiku wa tarehe 30 Juni 2000, kundi la Pearl Jam lilipokuwa jukwaani, mvua ilikuwa imenyesha na ardhi ilikuwa na utelezi. Watu wa mbele walianguka, wengine wakawaangukia, na vijana tisa wakapoteza maisha. Mwimbaji aliwasihi mashabiki warudi nyuma, lakini walikuwa wamekwisha kuchelewa.

Watu wanapozidi watano hivi katika kila mita moja ya mraba, mtu hupoteza uwezo wa kuamua aelekee wapi. Umati huyumba kama maji. Anayebanwa hufa kwa kukosa hewa kwa sababu kifua hakiwezi kutanuka, hata akiwa bado amesimama. Ubongo huanza kudhurika katika muda wa dakika chache tu, ambapo ni vigumu kwa muuguzi kupenya hadi alipo. Kwa hiyo tiba ya msongamano ni kuuzuia. Baada ya mkasa huo, eneo la mbele ya jukwaa la Roskilde liligawanywa kwa vizuizi, na idadi ya wanaoingia kila sehemu ikadhibitiwa.

Nguzo za mpango bora

Mfano wa kuigwa unapatikana Glastonbury, Uingereza. Mwaka wa 1979 iliundwa huko asasi ya hisani ya Festival Medical Services, ambayo kwa miongo mingi imekusanya madaktari, wauguzi na wafamasia wa kujitolea kuwatibu wahudhuriaji papo hapo shambani. Faida yake ni mbili: mgonjwa hapotezi muda njiani, na hospitali ya wenyeji hailemewi na wageni wenye malengelenge, pumu au ulevi.

Fauka ya hayo, pana mambo ambayo hayana budi kuwekwa mapema: njia ya ambulensi isiyozibwa kamwe, maji safi ya kunywa, vyoo vya kutosha na mahali pa kunawa mikono ili kuepusha maradhi ya kuhara, mwanga njiani usiku, na mtu mmoja anayejulikana kuwa na mamlaka ya kusimamisha muziki. Vilevile, mlinzi afunzwe kumtambua anayezimia, naye mgonjwa aliyetumia dawa za kulevya aweze kusema ukweli kwa daktari bila kuogopa pingu. Akiogopa, atajificha hemani mwake, na huko ndiko atakakofia.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba Woodstock iliokolewa na utu pale mpango ulipopungua, Altamont ilikosa vyote viwili, nayo Roskilde ikaonyesha kwamba utu peke yake hautoshi. Mafunzo haya yanavihusu pia vyama vya wanafunzi wa vyuo vikuu vinavyoandaa kambi na mikesha ya burudani. Kabla ya kuulizana ni msanii gani atakayealikwa, waandaaji wanapaswa kuulizana ni njia ipi atakayopitishwa majeruhi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Lakini uhai uliokwisha kupotea haujengwi upya.