Mtunzi wa riwaya za mapenzi na haki yake

Mtunzi wa riwaya za mapenzi aliyeko Msalato, jijini Dodoma, hulindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 mara tu anapoandika kazi yake. Ulinzi huo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufariki dunia.

Kinacholindwa ni maandishi, si wazo. Kisa cha wapenzi waliotenganishwa na mahari ni cha kila mtunzi.

Wapo wanaotoa sura moja moja magazetini au katika makundi ya WhatsApp, ambako hadithi husambazwa upesi bila jina la mwenyewe. Kwa hao, mazoea ya kutunza rasimu zenye tarehe yana uzito kuliko inavyodhaniwa. Kusajili kazi COSOTA si sharti la ulinzi, bali huwa ushahidi mgogoro unapofika mahakamani.